Mraba wa Waridi: Kazi ya Kroshia kwa Wanaoanza

Katika nyumba nyingi za Kenya, za mjini na za mashambani, mgeni akikaribishwa kuketi huona kwamba migongo ya viti, meza, redio na hata televisheni imefunikwa kwa vitambaa vilivyofumwa kwa uzi. Wako vijana wanaovicheka vitambaa hivyo na kusema kwamba ni mambo ya nyanya zao. Lakini vijana hao hao wakisha kuanza nyumba zao wenyewe, si ajabu kuwaona sokoni wakiuliza bei. Na bei ya kitambaa kizuri si ndogo. Huzidi sana bei ya uzi uliotumika, na ziada hiyo ndiyo malipo ya mikono ya mfumaji. Kitambaa kibaya, kilichojikunja pembeni na kuvimba katikati, pengine hakirudishi hata fedha za uzi.

Wengi hudhani kwamba mfumaji bora humshinda mwenzake kwa wepesi wa vidole. Wepesi huja wenyewe baada ya majuma machache. Linalowashinda wanaoanza ni kuhesabu. Kwa sababu hiyo umechaguliwa hapa mraba wenye ua la waridi katikati, ambao hesabu yake ni nyepesi kushika: 8 katika ua, kisha 4 zaidi katika kila upande kwa kila mzunguko unaofuata. Mwenye kushika hesabu hizo mbili ataweza kuufuma mraba huu bila kutazama karatasi.

Waridi la namna hii, lenye petali zilizoinuka juu ya kitambaa, lilipata sifa zake katika nchi ya Ireland wakati wa dhiki kubwa. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi, ambavyo vilikuwa chakula cha maskini wa nchi ile, na mavuno yakaoza mashambani. Katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni 1 walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine kama hao wakahama nchi yao. Watawa wa shirika la Ursuline huko Blackrock, karibu na mji wa Cork, walikuwa wakifundisha wasichana kazi ya kroshia. Na huko Clones, upande wa kaskazini, Cassandra Hand, mke wa kasisi wa mahali pale, aliwaletea wanawake mafunzo hayo mwaka 1847. Lesi ya kushonwa kwa sindano ya kawaida, waliyokuwa wakiivaa matajiri wa Ulaya, ilitaka muda mrefu mno. Lesi ya kroshia ilimalizika upesi zaidi, wala haikuhitaji chombo chochote ila uzi na kulabu ndogo. Wasioweza kununua kulabu walipinda waya mgumu na kuutia mpini. Hivyo jamaa nyingi zilinunua chakula kwa fedha za lesi.

Jambo moja la wafumaji wale linafaa kukumbukwa na vikundi vya wanawake. Waligawana kazi. Huyu alifuma mawaridi tu, yule majani, na mwingine akaviunganisha vyote kuwa ukosi au shali. Mpango kama huo huwezekana tu ikiwa kila mkono unafuata kipimo kimoja. Nchini Kenya, vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, viliweka kushona na kufuma miongoni mwa mafunzo yake pamoja na usafi na malezi ya watoto, na katika vikundi vya namna hiyo kina mama wengi walishika sindano ya kroshia kwa mara ya kwanza.

Vyombo vinavyohitajiwa ni vichache: uzi wa pamba, sindano ya kroshia, mkasi, na sindano ya kushonea yenye tundu pana. Uzi mwembamba wa lesi huuzwa kwa nambari, na nambari ikizidi uzi huwa mwembamba zaidi. Uzi wa nambari 10 ni mnene kuliko wa nambari 20. Kwa uzi wa nambari 10 yafaa sindano ya milimita 1.5 hivi. Lakini asiyepata kufuma kamwe asianze na uzi huo. Na aanze na uzi mnene wa rangi nyeupe au ya maziwa, na sindano ya milimita 3 au 4, ili aone vizuri kila kitanzi kinakopita. Rangi nyeusi humchosha macho hata fundi aliyezoea, hasa usiku.

Sindano hushikwa kwa mkono wa kulia kama kalamu. Uzi hupita juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na vidole vingine huuzuia kidogo usiteleze ovyo. Mwenye kutumia mkono wa kushoto hugeuza tu mambo haya, na kazi yake itazunguka upande wa pili bila dosari yoyote.

Mishono yenyewe ni minne. Wa kwanza ni mnyororo. Hufungwa kitanzi chepesi juu ya sindano, kisha uzi hupitishwa juu ya sindano, kulabu huukamata na kuuvuta ndani ya kitanzi kile. Hiyo ni pingili 1, kama pingili ya muwa; na kila uzi unapovutwa tena, pingili nyingine huongezeka. Kitanzi kilicho juu ya sindano hakihesabiwi kamwe. Hapo ndipo wanaoanza hukosea kwanza, wakahesabu 8 mahali penye 7.

Wa pili ni mshono wa kufungia: sindano huingizwa mahali panapotakiwa, uzi hukamatwa na kuvutwa mara moja kupita mahali pale na kitanzi kilicho sindanoni pia. Wa tatu ni mshono mfupi. Sindano huingizwa, uzi huvutwa mpaka vitanzi vinakuwa 2 juu ya sindano, ndipo uzi hukamatwa tena na kupitishwa katika vyote 2. Wa nne, ulio mkubwa wa kazi hii, ni mshono mrefu. Uzi huzungushwa kwanza mara 1 juu ya sindano, kisha sindano huingizwa na uzi huvutwa, na vitanzi huwa 3. Uzi hukamatwa na kupitishwa katika vitanzi 2, hukamatwa tena na kupitishwa katika 2 vilivyobaki. Mshono huu una shina lililosimama, na juu yake kichwa kinachofanana na herufi V iliyolala. Panaposemwa kufuma juu ya mshono, sindano huingia chini ya nyuzi zote mbili za kichwa hicho.

Anayenunua kitabu cha vielelezo na atazame kwanza kilichapishwa wapi. Waingereza na Wamarekani hutumia majina yale yale kwa mishono tofauti: jina ambalo Mwingereza hulipa mshono mfupi, Mmarekani hulipa mshono mrefu. Mtu akifuata kitabu cha Marekani kwa majina ya Kiingereza, kazi yake hutoka fupi na ngumu kama mkeka, naye hulaumu uzi.

Sasa waridi. Hufumwa mnyororo wa pingili 8, na pingili ya mwisho huunganishwa na ya kwanza kwa mshono wa kufungia, ikawa pete. Katika mzunguko wa kwanza hufumwa pingili 6: hizo 3 za mwanzo husimama mahali pa mshono mrefu, na 3 zinazofuata ni nafasi. Kisha hufumwa mshono mrefu 1, sindano ikiingia katikati ya pete yenyewe wala si ndani ya pingili, na pingili 3 baada yake. Hivyo hivyo hurudiwa mpaka mishono mirefu iwe 7, na baada ya ule wa 7 pingili 3 za mwisho, ambazo hufungiwa juu ya pingili ya tatu ya zile 6 za mwanzo. Kazi sasa ni kama gurudumu dogo la baiskeli lenye spoku 8 na nafasi 8. Zikiwa 7 au 9, afadhali kufumua papo hapo. Uzuri wa kroshia ni kwamba kufumua hakuharibu kitu. Uzi ukivutwa, kazi yote hurudi kuwa uzi.

Mzunguko wa pili ni petali za mbele. Huanzwa kwa pingili 1 ya kuinulia, isiyohesabiwa, kisha katika kila nafasi hufumwa mshono mfupi 1, mirefu 3, na mfupi 1. Mishono mifupi huishusha petali kando na ile mirefu huiinua katikati. Petali 8 zikitimia, mzunguko hufungiwa juu ya mshono mfupi wa kwanza.

Mzunguko wa tatu ndio unaowatisha wengi, na ndio siri ya ua hili. Petali hukunjwa kuelekea mbele kwa kidole gumba, ili mfumaji aone mgongo wa kazi na zile spoku 8 za mzunguko wa kwanza. Baada ya pingili 1 ya kuinulia, sindano huzungushwa nyuma ya spoku ya kwanza, ikaingia upande mmoja wa shina lake na kutokea upande wa pili, na hapo hufumwa mshono mfupi. Hufuata pingili 5 zinazopita nyuma ya petali, kisha mshono mfupi katika spoku ya pili, na kuendelea hivyo mpaka vitanzi viwe 8, ndipo mzunguko hufungiwa juu ya mshono mfupi wa kwanza. Vitanzi hivi havionekani kwa mbele hata kidogo. Kimoja kikipita mbele ya petali, hapana ujanja wa kukificha baadaye.

Katika mzunguko wa nne kila kitanzi hupewa petali yake: mshono mfupi 1, mirefu 5, na mfupi 1. Petali hizi ni kubwa kuliko za kwanza, nazo huchungulia nyuma yake, na sasa ndipo ua linapoonekana kuwa waridi. Mzunguko wa tano ni kama wa tatu: kazi hukunjwa, na nyuma ya petali hufumwa vitanzi 8 vingine, safari hii vya pingili 6, kila kimoja kikishikizwa kwa mshono mfupi uliozungushwa nyuma ya mshono mfupi wa mzunguko wa tatu. Ua limekwisha. Anayetaka rangi mbili akate uzi hapa na kuunganisha uzi mweupe. Waridi jekundu au la manjano juu ya mraba mweupe hupendwa sana, ingawa uzi mwekundu wa bei rahisi huchuja rangi, na yafaa ulowekwe na kujaribiwa kwanza.

Hadi hapa kazi ni duara. Mzunguko wa sita huigeuza kuwa mraba, na njia ni kuvipa vitanzi 8 kazi mbili kwa zamu: pembe, upande, pembe, upande. Kwa mshono wa kufungia sindano huingia katika kitanzi cha kwanza, na pingili 3 husimama mahali pa mshono mrefu wa kwanza. Katika kitanzi cha pembe hufumwa mishono mirefu 3, pingili 3, na mirefu 3 tena, yote katika kitanzi hicho kimoja. Katika kitanzi cha upande hufumwa mishono mirefu 5. Mzunguko ukifungwa, mfumaji ahesabu kutoka pembe hadi pembe: 3 na 5 na 3, jumla 11. Pande zote 4 lazima ziwe na 11.

Mzunguko wa saba ni wa matundu, na ndio unaoipa kazi sura ya lesi. Kwa mishono ya kufungia mfumaji husogea mpaka nafasi ya pembe, akaweka pingili 3 za kusimama. Katika kila pembe hufumwa mishono mirefu 2, pingili 3, na mirefu 2. Kandoni hufumwa pingili 1, mshono mmoja wa chini hurukwa, na mshono mrefu hufumwa juu ya ule wa pili. Tena pingili 1, mmoja hurukwa, mrefu juu ya wa nne. Na vivyo hivyo juu ya wa 6, wa 8 na wa 10. Hufumwa pingili 1, wa 11 hurukwa, na pembe nyingine imefika. Kila upande sasa una matundu 6 na mishono mirefu 9, ikihesabiwa pamoja na ile ya pembe. Yaani nafasi 15 kwa jumla.

Mzunguko wa nane huziba. Pembe ni kama zile za mzunguko wa saba. Kandoni hufumwa mshono mrefu 1 juu ya kila mshono mrefu na 1 ndani ya kila tundu. Zile 15 na 2 za kila pembe hufanya 19. Uzi hukatwa, ncha huvutwa kupita kitanzi cha mwisho, kisha hufichwa nyuma ya kazi kwa sindano ya kushonea, ikipitishwa mbele na kurudishwa nyuma ili isichomoke.

Basi hesabu ni 11, 15, 19. Sababu ya kuongeza 4 ni hii: mshono mrefu una kimo karibu sawa na upana wa mishono miwili. Kila mzunguko huongeza kimo hicho upande wa kulia na upande wa kushoto wa mraba, kwa hiyo ukingo hauna budi kurefuka kwa 2 huku na 2 kule. Nafasi zikipungua, ukingo huvuta na mraba hujikunja kama bakuli. Zikizidi, ukingo hufanya marinda kama gauni la mtoto. Anayeifahamu sababu hii aweza kuuendeleza mraba kwa mizunguko ya 23 na 27, akachanganya matundu na mishono iliyozibwa apendavyo, na kazi italala sawasawa juu ya meza.

Hata hivyo hesabu sahihi haitoshi pale ambapo wafumaji ni wengi. Yuko anayekaza uzi, na yuko anayeulegeza. Wote wawili watahesabu 19, na mraba wa mmoja utapungua kwa nusu sentimita. Anayekaza hasaidiki sana kwa kuambiwa alegeze, kwa maana mkono hurudia desturi yake mara mazungumzo yanapoanza. Apewe sindano kubwa zaidi kidogo, na anayelegeza apewe ndogo. Kikundi kinachotaka kufuma kitambaa kimoja kwa mikono mingi na kifume kwanza mraba 1 wa mfano, kiukaze juu ya ubao, na kila mraba unaoletwa upimwe juu yake. Kwa uzi wa nambari 10 mraba wa mizunguko 8 hufika sentimita 6 hadi 7. Miraba 16, yaani 4 kwa 4, hutosha mgongo wa kiti kimoja, na seti ya viti vitano hutaka miraba 80. Yafaa uzi wote ununuliwe siku moja kutoka fungu moja, kwa kuwa weupe wa fungu hili na la mwezi ujao mara nyingi haulingani, na tofauti ambayo haikuonekana dukani huonekana wazi juu ya kochi.

Miraba huunganishwa kwa kuweka miwili pamoja, nyuso zikitazamana, na kuishona kichwa kwa kichwa: wa kwanza na wa kwanza, wa 19 na wa 19. Hapa ndipo kosa la siku nyingi hufichuka. Mraba wenye 18 hauna mwenzi wa mshono wa mwisho, na mfumaji hushawishika kuuvuta kidogo ili ufike. Utafika, na kitambaa kizima kitapinda kutoka mahali hapo.

Kabla ya kuuzwa, kitambaa hufuliwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha hutiwa wanga ili petali zisimame. Unga wa muhogo uliokorogwa katika maji baridi na kuchemshwa kuwa uji mwepesi sana hufaa kabisa. Wako wanaotumia maji ya sukari, nayo kweli hukaza uzi vizuri, lakini huwaita sisimizi. Kitambaa kikiwa bado kibichi hutandazwa juu ya taulo, hunyoshwa pembe kwa pembe na kubanwa kwa pini zisizo na kutu, na petali huinuliwa moja moja kwa kidole. Hukaushwa hapo hapo kimelala. Kikianikwa juu ya kamba kwa pembe moja, uzito wa maji huivuta pembe ile, na mraba uliofumwa kwa siku mbili hukauka ukiwa umekaa kama tiara.